Sifa za Klachi Kuukuu

Klachi iliyochakaa ya Volkswagen Beetle ndiyo yenye adabu kuliko spea zote za gari hilo. Taa huungua bila kuaga na belti ya feni hukatika njiani. Klachi huzeeka hadharani, miaka nenda miaka rudi, ikitoa taarifa kila hatua. Pamoja na hayo, ndiyo inayosengenywa zaidi gereji, na mwenye Beetle haishi kuulizwa ataibadilisha lini.

Kazi yenyewe ni ya unyonge. Pleti nyembamba yenye laining pande zote mbili hubanwa kati ya flaiwili ya injini na presha pleti, na hapo ndipo nguvu hupita kwenda kwenye giaboksi. Dereva akikanyaga pedeli, waya huvuta, beringi husukuma presha pleti, na pleti huachiwa. Kila gari linapoondoka, laining husagika kidogo ili gia zisipate mshtuko. Ukiacha breki, ni spea chache za Beetle zilizotengenezwa makusudi ziliwe. Beetle zilizoshinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962 zilikuwa na klachi za waya kama hii, lakini vikombe vilipewa madereva.

Uzee wake una hesabu ya kupendeza. Pleti ikipungua unene, presha pleti huisogelea beringi, na ule mchezo wa pedeli, yaani sehemu ya mwanzo inayokanyagika bure, hupungua. Waya nao kadiri unavyovutwa hurefuka, na mchezo huongezeka. Wazee wawili hufichiana aibu, na pedeli inaweza kubaki palepale muda mrefu bila mtu kushika spana. Kipimo kinachotakiwa ni milimita 10 hadi 20 juu ya pedeli, na hurekebishwa kwa nati ya mabawa iliyo kwenye ncha ya waya, ubavuni mwa giaboksi. Mchezo ukiwa umekwisha, nati hulegezwa. Fundi anayeikaza kwa kudhani klachi imelegea huifanya beringi iegemee presha pleti muda wote. Klachi huanza kuteleza, kisha huyohuyo hutangaza kwamba imekufa.

Kusingiziwa, kwa kweli, ndiyo riziki yake ya kila siku. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, wa kwanza kulaumiwa ni pleti, ilhali raba za kushikilia giaboksi huenda zimekatika. Au mkosaji ni ule mrija laini unaopitisha waya karibu na giaboksi: kiwandani ulipindwa kidogo kwa makusudi, kwa sababu ukinyooka klachi hutetema. Kuna gari lililobadilishiwa klachi nzima na likaendelea kutetema vilevile, kwa kuwa mrija haukuguswa. Pleti ikilowa oili, hiyo nayo si dhambi yake. Oili sili ndiyo imevuja.

Kuibadilisha ni rahisi mno, na hapo pana mtego. Injini ya Beetle hushikiliwa na bolti nne tu, ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na hushushwa kwa jeki. Ikishafika chini, hakuna anayeishia kwenye pleti. Hufuata presha pleti, kisha beringi, kisha oili sili, kisha nati kubwa ya flaiwili, ya milimita 36, yenye beringi ndogo ndani yake, inayokazwa kwa takriban nyutoni-mita 300, yaani kwa bomba refu na mtu mzito. Klachi kuukuu inayovumilia mwaka mmoja zaidi humwokolea mwenyewe orodha hiyo yote.

Tena, inalingana na gari. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini pleti za Beetle zipo za milimita 180 na za 200, na magiaboksi ya tangu 1971 hutumia beringi inayoteleza juu ya mrija wake, isiyoelewana na presha pleti ya zamani yenye pete katikati. Kilichomo kwenye boksi jipya hakijulikani mpaka injini irudishwe. Kuukuu imekwisha kufanya mtihani huo.

Sifa hizi zina mpaka. Klachi ikiwa imerekebishwa sawasawa, na bado injini inapiga kelele mlimani kwenye gia ya nne bila spidi kupanda, au laining imelika hadi karibu na ribiti, kuisifu ni kumhujumu mwenye gari: ribiti zitakwaruza flaiwili, nayo itahitaji kuchongwa au kununuliwa nyingine. Hata ikitolewa, mzee huyu hudai heshima. Laining nyingi za zamani zina asbesto, kwa hiyo vumbi lake hufutwa kwa kitambaa kibichi, wala halipulizwi kwa hewa ya kompresa.

Halafu hufungwa mpya. Kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo inatakiwa kuendeshwa taratibu, bila mizigo mizito, mpaka laining yake ikae vizuri kwenye flaiwili. Katika muda huo si ajabu itetemeke kidogo gari linapoondoka, na kutoa harufu ya kuungua mlimani, makosa yaleyale yaliyomfukuzisha mzee.