Sifa za Dakika 24

Sesheni ni kumbukumbu fupi ambayo tovuti humtunzia mtumiaji ili ukurasa wa pili umtambue aliyejaza ukurasa wa kwanza. Kwenye steshenari za Mbagala Rangi Tatu, Tandika, Tegeta na Bunju, hasa msimu wa maombi ya vyuo na mikopo, hakuna kitu cha kompyuta kinacholaaniwa kuliko hiki, na hakuna kinachoonewa zaidi.

Asili yake ni ya heshima. Itifaki ya HTTP, inayosafirisha kurasa za wavuti, haina kumbukumbu: kila ombi linalofika kwenye seva ni mgeni, hata likiwa limetoka kwa mtu yule yule sekunde moja iliyopita. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, alibuni kidakuzi, yaani maandishi mafupi ambayo seva hukikabidhi kivinjari, nacho huyarudisha kila kinapoomba ukurasa mwingine. Toleo la 4 la PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, lililotoka Mei 2000, likaja na sesheni ndani yake, na tangu hapo hata mtengenezaji mvivu hana kisingizio.

Mgawanyo wa kazi ni ule wa zahanati: mgonjwa hutembea na kadi yenye namba, faili hubaki masijala. Kidakuzi kiitwacho PHPSESSID hubeba namba ndefu isiyomwambia msomaji chochote. Jina, namba ya mtihani wa kidato cha nne na mapato ya mlezi hukaa kwenye seva.

Sifa kubwa ya sesheni ni kutokuwa na upendeleo. Kwa mipangilio ya asili ya PHP, sesheni isiyoguswa kwa sekunde 1,440, yaani dakika 24, huhesabiwa kuwa takataka, iwe ya mtoto wa waziri au ya dereva wa bodaboda. Mwombaji aliyefika ukurasa wa tatu huulizwa namba ya kitambulisho cha taifa ya mdhamini wake. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, ambayo mwombaji anaijua nusu. Mdhamini ni mjomba, mjomba yuko kwenye daladala ya Gongo la Mboto, kitambulisho kiko kabatini, ufunguo wa kabati anao mke wake, na mke yuko sokoni. Simu ya nne ndiyo inayoleta tarakimu zote, zikisomwa mbili mbili huku mhudumu akiziandika nyuma ya risiti. Mwombaji anazijaza, anabonyeza “Endelea”, na tovuti inamwuliza kwa adabu kabisa yeye ni nani.

Wengi hudhani kuna saa iliyomkata. Ukweli unapendeza zaidi. PHP, ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani, haina mfanyakazi maalumu wa kuondoa sesheni zilizochakaa. Kazi hiyo huangukia wapita njia. Kila ombi linalofungua sesheni lina nafasi moja kati ya 100 ya kuanzisha usafi. Kwa hiyo fomu ya Mbagala yaweza kuishi dakika 40 usiku wa manane, tovuti ikiwa haina watu, na ikafa dakika ya 25 mchana kwa sababu mtu wa Mwanza amefungua ukurasa kuangalia tarehe ya mwisho. Bahati nasibu ya haki kama hii ni adimu nchini. Seva zenye mifumo endeshi ya Debian na Ubuntu huikabidhi kazi hiyo kwa ratiba inayopita kila nusu saa, jambo linalopunguza uhondo.

Faida kwa uchumi wa mtaa haihitaji maelezo marefu: anayelipia kompyuta kwa saa na kuanza upya, hulipa upya.

Ila sifa inayostahili kuandikwa bila mzaha ni ulinzi. Kompyuta moja ya steshenari hupita mikononi mwa wateja wengi kwa siku, na anayenyanyuka bila kubonyeza “Ondoka” huiacha akaunti yake wazi. Mteja anayefuata, aliyekuja kuchapa barua ya kazi, hukuta jina la mtu mwingine, kipato cha baba yake, na kitufe cha kubadilisha akaunti ya benki. Kinachomlinda aliyeondoka ni sesheni kufa mapema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka taarifa zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Sesheni ilikuwa ikitii agizo hilo zaidi ya miaka ishirini kabla halijaandikwa.

Makosa mengine husukumiwa sesheni bure. Tovuti ikigawiwa seva mbili na faili likabaki kwenye ya kwanza, mwombaji hutambuliwa ukurasa mmoja na kukanwa unaofuata. Dawa ni kuziweka sesheni mahali pamoja, kwenye hifadhidata kama Redis. Fomu ndefu nayo haikupaswa kukaa kwenye sesheni tangu mwanzo. Kila “Endelea” ingetakiwa kupeleka rasimu kwenye hifadhidata, sesheni ikabaki kukumbuka tu nani ameingia. Ikifa, mtu huingia tena na kuzikuta kurasa zilizotangulia salama. Ukurasa ambao haujatumwa hupotea vile vile, kwa hiyo ile risiti isitupwe.

Wahudumu makini humfungulia kila mteja dirisha la faragha, ambalo vidakuzi vyake hufutika likifungwa. Lakini katika Chrome na Firefox, madirisha ya faragha yaliyo wazi kwa wakati mmoja hutumia vidakuzi vile vile, na havifutiki mpaka lifungwe la mwisho. Dirisha moja lililosahaulika nyuma ya lile la kuchapia linatosha kumkabidhi mteja wa mchana sesheni ya mteja wa asubuhi, ikiwa mtengenezaji, kwa kuwahurumia waombaji, ameongeza uhai wa sesheni kutoka dakika 24 kuwa muda wa saa nane.