Nishani ya Mdiria

Kule Wanqingsha, wilayani Nansha, Mto Lulu unapomwagika baharini, mifereji huitwa kwa namba. Kinamasi cha ndege kiko kati ya mfereji wa kumi na nane na wa kumi na tisa. Maji yakijaa samaki huingia, ila hakuna ajuaye wataanza na mfereji upi.

Mzee Kobe, mkuu wa kijiji cha ndege, alitaka ghala lijae. Akamwajiri Yangeyange, naye akasimama kwa mguu mmoja kwenye mfereji wa kwanza, akangoja. Samaki wakaruka katika wa tisa, wakaruka katika wa kumi na tatu, maji yakapwa, wakarudi zao baharini. Yangeyange hakugeuza hata shingo. "Zamu yangu ni hapa," alisema. Jioni akafukuzwa.

Akaja Mdiria. Huyu hakutua. Alizunguka mfereji baada ya mfereji akiuliza, "Tayari?" Akijibiwa "Bado," anakwenda unaofuata, akifika mwisho, anaanza upya. Kijiji kikashangilia: "Mchapakazi huyo!" Samaki wachache aliowapata aliwala mwenyewe, maana kuruka kutwa kucha kunataka shibe. Mzee Kobe akamvisha nishani.

Akafuata Bata na orodha yake. Akampelekea Kaa, akaaye matopeni na kuhisi kila mtikisiko wa maji. "Niamshe samaki wakiingia," akasema, akalala. Kaa akamwamsha. "Wako wapi?" "Nimetia alama kwenye orodha. Itafute." Bata akaisoma yote, mstari kwa mstari. Kesho yake akaileta upya, kwa kuwa Kaa hakuweka kumbukumbu ya jana. Tena orodha yenyewe ilikuwa na mistari 1,024, basi.

Majira ya baridi yakamleta Domomwiko kutoka Korea. Alimtajia Kaa mifereji yake mara moja tu, akalala. Maji yalipojaa Kaa akaita: "Wa tano na wa kumi na nne!" Domomwiko akaenda huko tu, akachota, akarudi kulala. Ghala likafurika.

Mpwa wa Kobe, aliyepewa kazi ya kumwaga chakula miferejini, akaona naye aige. "Niite kila mfereji ukiwa na nafasi," akamwambia Kaa. Nafasi ilikuwapo wakati wote! Kaa akaita bila kukoma, na kijana hana hata punje ya kumwaga. Hakupata usingizi wala hakufanya kazi. Mjomba akamvisha nishani ya pili.

Hatimaye baraza likamshtaki Domomwiko kwa uvivu. "Ghala limejaa, tumeliona," Mzee Kobe akasema. "Jasho lako liko wapi? Kuanzia kesho, hata kama huna pa kwenda, zunguka kidogo wananchi wakuone." Domomwiko akaruka zake. Mdiria akarudishwa kazini kwa vigelegele, na ghala likabaki na magamba.

Waandishi wa programu zinazosubiri ujumbe wa wateja wengi walipita njia hiyohiyo. Unix ya Berkeley, toleo la 4.2BSD la mwaka 1983, ilikuja na select, ndiyo orodha ya Bata. Katika mifumo mingi orodha yake huishia 1,024 hadi leo. Mwaka 2002 Linux ikapata epoll, yaani Kaa mwenye kumbukumbu. Python nayo, tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014, ina moduli ya selectors, ambayo huchagua yenyewe njia bora iliyopo kwenye mashine.

Basi, msomaji, programu yako ikihudumia wateja wengi, usiiache iulize "tayari?" usiku kucha na kuichosha prosesa bure. Isajili wateja wake mara moja, ilale, iitwe. Iombe kuitwa kwa ajili ya kuandika pale tu ilipo na cha kuandika. Na ukiwa mkuu wa ofisi, hesabu samaki. Jasho waachie wenyewe.