Namna ya Kushinda Ubishi wa Mieleka Bila Kupanda Ulingoni

Mbishi wa mpira ana kazi nyepesi. Akibanwa anataja matokeo, na matokeo hayana mjomba. Mbishi wa mieleka ya kulipwa hana kimbilio hilo. Yeye anatetea ushindi ulioamuliwa ofisini mchana na watu waliovaa suti, kabla mshindi hajafunga hata kamba za buti, kisha anatakiwa aape, mishipa ya shingo imemsimama, kwamba ushindi huo ni mkubwa kuliko mwingine ulioamuliwa katika ofisi hiyohiyo. Hii ni fani, na fani haikurupukiwi. Mwongozo huu ni kwa yule anayetaka kuingia kijiweni na hoja na kutoka na heshima, au angalau atoke bila kulipishwa kahawa ya watu wote.

Anza na mikanda, maana kila mtu huanzia hapo. Hesabu rasmi inasema Ric Flair alikuwa bingwa wa dunia mara 16. John Cena alimfikia Januari 2017 alipompiga AJ Styles kule San Antonio, akampita Aprili 2025 mjini Las Vegas alipomvua mkanda Cody Rhodes. Mara 17. Mbishi mchanga huishia hapo, akaanza kutazama watu usoni akisubiri pongezi. Wewe uliza kwa upole, kama mtu anayetaka tu kuelimishwa: "Hizo 16 za Flair ni kwa hesabu ya nani?" Machi 1984 Flair alipigwa na Harley Race huko Wellington, New Zealand, akaurudisha mkanda siku chache baadaye Singapore. Watu walilipa viingilio, waliona kwa macho yao. Wenye mkanda huko Marekani walinyamaza miaka mingi, utadhani ndege haikuruka. Wapo wanaozihesabu na za aina hiyo, na kwao Flair amepita 20 zamani sana. Ukishalisema hilo, nyamaza. Kinyozi niliyewahi kumrushia hoja hii alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja, akawa anahesabu kwa vidole vya mkono wa pili, na mteja wala hakulalamika, kwa kuwa na yeye alikuwa anahesabu.

Mpinzani akishikilia kwamba idadi ndiyo kila kitu, mkubalie haraka. Halafu mpe R-Truth. Bwana huyu aliushika mkanda wa 24/7 zaidi ya mara 50. Sheria ya mkanda ule ilikuwa moja: unaweza kuporwa popote, saa yoyote, mradi refa awepo wa kuhesabu tatu. Mwaka 2019 R-Truth alimvua Drake Maverick mkanda huo kwenye harusi, na harusi yenyewe ilikuwa ya Maverick. Sasa mwulize mwenzako: kama idadi ndiyo kipimo, mbona Cena wake anapitwa mara tatu? Akianza kusema kuna mikanda mikubwa na midogo, mrudishe Septemba 1999, Vince McMahon alipompiga Triple H na kuwa bingwa wa WWF, ambayo leo ndiyo WWE. McMahon ndiye aliyekuwa na kampuni. Alijivisha mkanda wa kampuni yake mwenyewe, na kumbukumbu zikaandikwa kwa macho makavu. Mwaka uliofuata WCW, washindani wake, wakampa ubingwa wa dunia David Arquette, mwigizaji aliyekuja kuitangaza filamu. Baada ya majina hayo mawili mtu yeyote mwenye haya huachana na mikanda, akahamia kwenye siku.

Kwenye siku, jina ni Bruno Sammartino. Mei 1963, ndani ya Madison Square Garden, alimmaliza Buddy Rogers kwa sekunde 48, na mkanda haukumtoka hadi Januari 1971: siku 2,803. Vijana watakuletea Roman Reigns na siku zake 1,316, kuanzia Agosti 2020 hadi Aprili 2024. Usidharau. Kiri kwamba ni nyingi, halafu uliza ni ngapi kati ya hizo alionekana ulingoni na ngapi alikuwa nyumbani na mkanda ukutani. Swali halina jibu la haraka, na katika ubishi jibu la polepole ni sawa na kushindwa. Ila jihadhari na mjuzi atakayeinuka na Fabulous Moolah, aliyetangazwa bingwa wa wanawake kwa miaka 28, toka 1956 mpaka 1984. Ni kweli ilitangazwa hivyo. Ni kweli pia kwamba katikati ya miaka hiyo alipigwa zaidi ya mara moja, ila vipigo havikuingizwa kwenye daftari. Ni mbinu nzuri ya kubaki bingwa, na siku hizi inatumika hata nje ya michezo.

Sasa tuje kwa Undertaker, maana huwezi kukwepa. Mtaani kwetu ilikuwa inajulikana kwamba jamaa ana roho saba, na kwamba alishazikwa akarudi. Usimcheke aliyekuwa akiapa kwamba wapo wawili, kwani Agosti 1994 mjini Chicago Undertaker alipambana na Undertaker, mmoja bandia, na mashabiki walilipia. Lakini hoja yake kubwa ni WrestleMania, onyesho kubwa la kila mwaka: mechi 21, ushindi 21, kuanzia Jimmy Snuka mwaka 1991. Ukiwa upande wake, taja hizo mbili na Shawn Michaels, ya 2009 na ya 2010, kisha tulia. Ukiwa upande wa pili, uliza kuhusu 1993. Mwaka huo mpinzani alikuwa Giant Gonzalez, pandikizi la mtu lililovalishwa suti yenye misuli ya kuchorwa na manyoya ya kubandika. Gonzalez alimziba Undertaker pua kwa kitambaa chenye dawa ya usingizi, akaondolewa mchezoni kwa kosa hilo, na Undertaker akatolewa juu ya machela. Aliyelala ndiye mshindi. Nao ushindi huo umo katika zile 21.

Hata hivyo hapa ndipo mwongozo unapolazimika kuacha mzaha kidogo. Tarehe 6 Aprili 2014, katika WrestleMania ya New Orleans, Brock Lesnar alimnyanyua Undertaker mara ya tatu, akamtupa, akamlalia, refa akapiga tatu. Watu zaidi ya 70,000 hawakushangilia wala hawakuzomea. Kamera zilipita kwenye nyuso: midomo wazi, mikono kichwani, watu wazima wakitazamana kama waliosikia taarifa ya msiba kwa makosa na wanangoja isahihishwe. Ubao ukaandika 21-1. Undertaker mwenyewe alikuwa ametikisika ubongo, akaishia hospitali usiku huohuo. Ofisi iliandika matokeo, sawa. Ukimya ule haukuandikwa na mtu. Ushindi wote 21 ulikuja kupata thamani yake pale, siku ulipokatwa, na ndiyo sababu mimi humwambia shabiki wa Lesnar kwamba kipigo kile ni mafanikio ya Undertaker zaidi kuliko yake. Hukasirika sana. Jaribu.

Watazamaji ni eneo la hatari, kwa kuwa kila mwandaaji ana kalamu yake. WrestleMania ya tatu, Machi 1987, uwanja wa Pontiac Silverdome kule Michigan, inatangazwa kuwa na watu 93,173. Mwandishi Dave Meltzer ameshikilia miaka yote kwamba walikuwa kama 78,000. Usichague. Taja namba zote mbili, ya kwanza kwa sauti kubwa ukiwa unamtetea Hulk Hogan, ya pili ukiwa unampinga. Siku ile Hogan alimbeba André the Giant na kumbwaga, na tuliambiwa kwamba André hakuwahi kushindwa kwa miaka 15 wala kubebwa. Canek alimshinda Mexico mwaka 1984. Antonio Inoki alimfanya asalimu amri Japani mwaka 1986. Na wa kumbeba alikuwepo tangu 1980, pale Shea Stadium, New York, jina lake Hulk Hogan.

Nyota usizitegemee sana. Huyohuyo Meltzer hupima mapambano kwa nyota tano, lakini Januari 2017 Kazuchika Okada na Kenny Omega walipopambana Tokyo Dome akawapa sita. Juni 2018 wakarudiana, akawapa saba. Mwanafunzi akirudi nyumbani na saba kati ya tano, mzazi hampongezi. Anafunga safari kwenda kumwona mwalimu.

Itafika saa, kwa kawaida baada ya kikombe cha tatu, uzalendo utaingia. Mtu atauliza Mwafrika yuko wapi katika yote haya. Kuna majibu mawili, moja zuri na moja la kuchekesha. Lile zuri ni Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, ambaye kampuni ilianza kwa kumtambulisha kama Mjamaika, akaja kuwa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Alimshinda Daniel Bryan Aprili 2019, baada ya miaka 11 ya kusindikiza wenzake. Oktoba mwaka uleule Lesnar alimvua mkanda kwa sekunde zisizofika kumi. Hilo la Oktoba usilitaje. Likitajwa, tazama pembeni na useme mkaa umepanda bei.

Lile la kuchekesha ni Kamala, Jitu la Uganda. Alikuja ulingoni peku, uso umepakwa rangi, nyota kifuani na mwezi tumboni, mkononi mkuki, nyuma yake msimamizi aliyevaa kofia ya msafiri wa Kizungu. Alipambana na Hogan, na mwaka 1992 akapambana na Undertaker. Jina lake halisi ni James Harris, mzaliwa wa Mississippi. Uganda ilitengenezwa Memphis, kwa ajili ya watu ambao wasingeweza kuionyesha kwenye ramani, na jirani zetu hawakuulizwa wala kulipwa. Siku hizi Waganda wamejibu wenyewe: vijana wa Mukono wanapigana kwenye ulingo wa matope uliozungushiwa nguzo za mianzi, na video zao zimezunguka dunia bila mkuki hata mmoja.

Na hapo ndipo atakapojitokeza yule ambaye hujitokeza kila mara, amekaa kimya muda wote, akisema: "Lakini si maigizo hayo?" Usipandishe hasira. Mjibu kwamba habari hiyo imechelewa. Mwaka 1989 watu wa WWF wenyewe waliwaambia maseneta wa New Jersey kwamba wanachofanya ni burudani, ili jimbo liache kuwasimamia kama mchezo na kuwatoza kama mchezo. Kisha mwulize kama dhahabu ya Olimpiki ya Kurt Angle, Atlanta 1996, nayo ilikuwa maigizo. Kisha mpeleke Pittsburgh, Juni 1998, Mick Foley aliporushwa na Undertaker kutoka juu ya kizimba cha chuma, kama mita tano, akaangukia meza ya watangazaji. Alitolewa kwa machela, akashuka kwenye machela, akapanda tena, akapitiliza na paa la kizimba mpaka ulingoni. Jino lilikutwa karibu na pua. Mshindi aliandikwa, lakini meza ilikuwa meza.

Na mimi nikibanwa nitaje langu, namtaja Foley huyohuyo, ila kwa siku nyingine. Tarehe 4 Januari 1999 kipindi cha WWF kilikuwa kimerekodiwa kabla, na WCW, waliokuwa wamewahi kuwashinda kwa watazamaji wiki 83 mfululizo (wengine husema 84, na ubishi huo una kijiwe chake), walikuwa hewani moja kwa moja. Mtangazaji wao akaagizwa avujishe matokeo: leo Foley anachukua ubingwa. Akaongeza kwa kebehi kwamba hilo litajaza viti kweli. Watazamaji laki kadhaa wakabadilisha chaneli wakaenda kumwona mnene mwenye sikio moja na meno pungufu akibeba mkanda. Walishaambiwa mwisho, na bado wakaenda. Mkanda wenyewe alikaa nao wiki zisizofika nne. Nitajie bingwa mwingine aliyefanya hivyo, na utuchukue mikanda yote 17.

Ikiwa yote yameshindikana na kijiwe kizima kimekugeuka, bado una karata moja ya nje ya ulingo. Usianze na Jesse Ventura, aliyekuwa gavana wa Minnesota, wala Kane, aliyechaguliwa meya wa kaunti ya Knox kule Tennessee. Hao ni wa kupoteza muda tu. Nenda kwa Inoki. Mwaka 1976 alipambana na Muhammad Ali raundi 15 Tokyo, muda mwingi akiwa amelala chali anampiga mateke ya miguuni, wakatoka sare, na Ali akapelekwa hospitali kutibiwa miguu. Mwaka 1989 akaingia bungeni. Mwaka uliofuata, Wajapani wakiwa wamezuiliwa Iraq na Saddam Hussein, alifunga safari hadi Baghdad, akaandaa tamasha la michezo lenye mieleka ndani yake, na mateka wakaachiwa.

Hapo hamna wa kukujibu. Simama, kung'uta suruali, aga kwa heshima. Akitokea mmoja akauliza Inoki alikuwa bingwa wa WWF mara ngapi, na kwamba mbona ile ya 1979 haihesabiwi, simu yako imeita.