Nani Atamchana Nyau wa Patron?

Mtchw! Mmesikia? Kuna patron mmoja wa kakao anataka paka wa Uajemi. Yule wa manyoya marefu, pua imeingia ndani. Kamwona kwenye simu, amelala juu ya kiti cha veluti, na madame amekwisha kumchagulia jina. Bei haimsumbui. Na ni kweli, Butembo yetu, mji ambao wafanyabiashara wake wanakwenda Guangzhou na Dubai wakirudi na makontena, utashindwaje kumvusha nyau mmoja mpakani Kasindi kutoka Kampala? Kununua ndiyo kazi nyepesi. Mimi nauliza tu: nani atamchana?

Maana anachanwa kila siku, jamani. Si Jumapili baada ya misa. Kila siku, mpaka kwenye makwapa na nyuma ya masikio, kwa kitana cha chuma. Ukizembea, manyoya yanajisokota, yanashikana hadi kwenye ngozi, yanamvuta akitembea, na chini yake panatoka vidonda. Hapo hakuna kuchana tena, ni kunyoa. Naye kwa kuwa anajilamba, manyoya yanaingia tumboni na kufanya mabonge: mengine atayatapika juu ya kile kiti cha veluti, mengine yanaweza kuziba utumbo. Sasa tazama mji wetu. Kiangazi vumbi jekundu, mvua ikinyesha tope. Maji mnajua wenyewe yanavyopatikana, na ni nani anayepandisha vidumu vya njano kilimani. Patron hatachana. Madame atachana mpaka apige picha za kutosha. Kisha kitana kitaishia mkononi mwa yule binti wa kazi, ambaye tayari anafua, anapika na kubeba mtoto, na mshahara wake hautaongezwa hata franga moja kwa ajili ya nyau. Nyoo!

Na ile pua. Pietro della Valle, Mwitalia aliyesafiri Uajemi karne ya 17, alisifia manyoya ya paka wa huko. Pua ya kubonyea imekuja baadaye sana, ni wafugaji wa karne ya 20 walioitengeneza kwa kuchagua nani azae na nani. Matokeo yake machozi yanamtiririka, lazima apanguswe uso, anakoroma, na joto linamlemea upesi kwa sababu hewa haipiti vizuri. Baridi ya Butembo itamhurumia. Lakini patron huyu depo zake ziko Beni, na familia inashinda huko. Mchana wa Beni, chini ya bati, ndani ya koti lile?

Mwingine hapa kasema nyau huyo atakamata panya wa depo. Kaka, nyamaza kidogo. Panya wa kakao wanataka yule nyau wetu mwembamba asiye na jina. Huyu mgeni akimkuta panya aliyekula sumu, tutazika wawili.

Chakula nacho. Nyau ni mla nyama, hawezi kuishi kwa fufu na sombe. Ndani ya nyama na samaki kuna taurini. Akiikosa muda mrefu, macho yanaharibika na moyo unachoka. Makayabo yana chumvi nyingi mno. Mchuzi wenye kitunguu unaharibu damu yake. Na akipata homa, tafadhali, msimpe paracetamol ya watoto wala ya wakubwa: kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawapendi nilitaje. Paka wa namna hii anaishi miaka 12, hata 15. Wilayani Beni, tangu Oktoba 2014, kuna familia zimekimbia vita usiku zaidi ya mara moja, mtoto mgongoni na godoro kichwani. Nyau wa kawaida akiachwa anajitafutia. Huyu akiachwa, manyoya yake yenyewe yatamfunga. Sisemi watu wasipende vitu vizuri kwa sababu ya vita, hapana. Nasema ajulikane mapema atakayembeba.

Sasa karatasi. Manyoya marefu peke yake si ushahidi wa ukoo. Hali hiyo hurithiwa kwa kujificha, hata paka wawili wa manyoya mafupi wanaweza kuzaa mmoja wa manyoya marefu, na mjanja wa mtandaoni akamwita Mwajemi na kudai dola. Akiwa mweupe mwenye macho ya buluu, piga makofi nyuma yake kwanza: wengi wa rangi hiyo ni viziwi, na barabara yetu ina motari wasiosubiri mtu. Daftari la chanjo ya kichaa cha mbwa lisomwe, lisitazamwe jalada tu. Tena tuna Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben hapa hapa Butembo, chenye kitivo cha tiba ya wanyama. Kumwuliza daktari kabla ya kulipa si aibu.

Lakini karatasi ya maana kuliko zote ni ya figo. Ukoo huu una ugonjwa wa malengelenge ya maji ndani ya figo. Mzazi mmoja akiwa nao, inatosha kumrithisha mtoto. Kipimo cha vinasaba kipo tangu miaka ya 2000, na ekografia pia inaonyesha. Kwa hiyo patron, mwulize muuzaji majibu ya baba na mama. Akicheka na kusema hayo ni mambo ya Wazungu, rudisha dola mfukoni, panda gari urudi Kasindi.