Afande, Kabla Hujanyanyua Mkono

Ukinyanyua mkono, gari litasimama. Uwezo huo umepewa na Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973. Mwongozo huu unahusu jambo moja tu: ni gari lipi la kusimamisha?

Anza na mahali. Kile kivuli cha mwembe karibu na kibao kinachomaliza 50, pale dereva anapoona kijiji kimeisha na kuanza kukanyaga mafuta, kiache. Tochi ya kupima mwendo hapo hunasa wengi, ila hakuna mtoto anayevuka. Rudi hadi penye shule, soko au kituo cha daladala. Waulize mama ntilie na vijana wa bodaboda ni wapi watu hugongwa. Watakuonyesha kwa kidole. Simama hapohapo, waziwazi, na sare yako nyeupe. Madereva watawashiana taa kuambiana kwamba upo. Waache wawashiane, kwa sababu wanapunguza mwendo bila wewe kuandika karatasi ya faini hata moja.

Sasa sogea kwenye zebra, na hapa usiwe na haraka. Tazama mama mwenye ndoo kichwani anavyosubiri. Gari la kwanza linasimama kumpisha. La pili linachomoka nyuma ya lile la kwanza na kulipita. Huyo wa pili ndiye wako. Akisema anawahi kikao, mwandikie. Namba ikianza na STK, yaani gari la serikali, mwandikie vilevile. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba anayegongwa na gari la mwendo wa kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa iliyo mara 4.5 ya ile ya anayegongwa kwa kilomita 50. Mama yule hana bodi wala mkanda wa kumkinga.

Kizimamoto kilichopitwa na tarehe, pembetatu iliyovunjika na taa ya namba isiyowaka ni makosa pia. Yaandike, lakini yapange foleni nyuma ya mwendo kasi, ulevi, tairi vipara na breki mbovu. Kinachopotosha ni bei. Kwa gari, karatasi ya kizimamoto ni shilingi 30,000, na ya kumkosakosa mwanafunzi kwenye zebra ni 30,000 hiyohiyo. Ukihesabu fedha peke yake, utaona makosa hayo yanalingana, na utakimbilia lile linaloonekana gari likiwa limesimama.

Basi la mkoani likisimama, kondakta atashuka mbio na leseni iliyokunjiwa noti. Mrudishie noti yake. Panda mwenyewe, uwaulize abiria mwendo ulikuwaje tangu Chalinze. Sheria inaliwekea basi kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na abiria huwa wameshika viti kwa mikono miwili muda mrefu kabla yako. Wasikilize hata wanaponung'unika kwamba unawachelewesha.

Ijumaa usiku hamia karibu na baa, na kipima ulevi mkononi. Walevi ni adimu saa nne asubuhi.

Mwisho wa zamu, mkuu wako atataka idadi ya karatasi ulizoandika. Mpe. Kisha mpe na hesabu ya pili: siku zilizopita bila mtu kugongwa pale shuleni. Akisema fomu yake haina safu ya jambo hilo, chukua rula umchoree.