Kungwi wa Simu Anajibu: Uliza Ukoo Kabla ya Mahari

Kila Ijumaa Kungwi huwajibu waliouziwa, wanaouziwa na wanaokaribia kuuziwa simu za mtandaoni. Barua ndefu hukatwa. Matusi kwa wauzaji hufutwa, hata yakiwa ya haki.

Kungwi, shikamoo. Nimeagiza iPhone 11 Instagram. Tangazo lilisema "rifabishi, daraja A, betri 100%". Natoka nayo Mbagala asubuhi imejaa, nikifika Posta imebaki nusu, saa sita imezima. Kwenye mipangilio bado inasoma 100! Nimelogwa?
*Mama Chaja, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Hujalogwa, umeuziwa namba. Ile asilimia ni habari ambayo chipu ndogo ya betri huipa simu, na wapo mafundi wanaoihamisha chipu hiyo au kuiandika upya. Betri za iPhone za rika hilo zilitengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji, yaani kama mwaka mmoja na miezi minne kwa anayemaliza chaji kila siku. Simu yako iliingia sokoni 2019. Kama leo inajisifu ina 100, ama imewekewa betri nyingine, ama imefundishwa kusema uongo.

Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu. Tangu iOS 15.2, simu kama yako huonyesha historia ya vipuri: ukiambiwa betri ni kipuri kisichojulikana, hapo ndipo chaji yako inapoishia. Hapohapo tazama namba ya modeli. Ikianza na M, simu iliuzwa ikiwa mpya. Ikianza na N, ilitolewa kufidia iliyoharibika. Ikianza na F, usiogope, hujafeli mtihani: hiyo ndiyo iliyorekebishwa na Apple wenyewe. Rifabishi nyingine zimerekebishwa na yeyote aliyekuwa na bisibisi. Na hiyo daraja A hakuna baraza lililoitoa. Kila muuzaji hujisahihishia.

Kungwi, nilikutana na muuzaji stendi, nikaiona simu inafanya kazi, nikalipa. Nyumbani nikafuta kila kitu ianze upya. Sasa inataka nywila ya mtu ambaye barua pepe yake inaanza na j. Namwandikia muuzaji WhatsApp, tiki ni moja tu.
*Mgeni wa J, Mwanza*

Tiki moja ni talaka, mwanangu. Umemuoa mke wa mtu, na J ndiye mume halali. Apple waliweka kufuli hili la akaunti mwaka 2013, Google wakafuata kwenye Android mwaka 2015, ili mwizi asifaidi alichoiba. Kufuta data hakumwondoi J, ndiko kunakomwita. Anayejitangaza kwamba anafungua akaunti kwa bei poa usimkimbilie, maana ana hamu na ulichobakiwa nacho.

Huenda simu hiyo iliibwa, na kukutwa na mali ya wizi ni kesi. Nenda polisi mwenyewe na ushahidi wa malipo na namba ya muuzaji, kabla hujafuatwa. Siku nyingine, kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie muuzaji atoke kwenye akaunti yake ukiona, aifute simu, kisha uiwashe mwanzo hadi mwisho kwa akaunti yako. Akisema hana muda, mpe pole na uende zako.

Kungwi, salamu kutoka Nairobi. Niliona simu Facebook, bei nusu ya duka, hata nailoni haijatolewa kwenye kioo. Wiki mbili baadaye ikajifunga, ikasema nilipe deni. Mimi sijakopa!
*Sikukopa, Kayole*

Hukukopa, lakini umerithi. Simu inayolipiwa kidogo kidogo kila siku huwa na programu ya mkopeshaji ndani. Aliyeichukua alilipa kianzio, akakuuzia wewe, akaacha kulipa. Kuifuta hakusaidii, kwa kuwa programu hiyo imewekwa idumu hata simu ikianza upya. Chunguza kwenye mipangilio kama kuna maneno kwamba kifaa kinasimamiwa na kampuni. Ukiyakuta, jua mahari haijaisha kulipwa na wakwe wanamtaka binti yao.

Kungwi, nimenunua iPhone 14 iliyotoka Marekani. Nimetafuta tundu la laini pande zote nne. Limezibwa?
*Pini Mkononi, Tanga*

Weka pini chini, mwanangu, utaikwaruza bure. Kuanzia iPhone 14, mwaka 2022, zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina tundu la laini. Zinatumia eSIM tu, laini isiyo na kadi. Nenda duka la mtandao wako na namba ya NIDA na kidole chako, uulize kama wanayo. Ila kwanza soma kwenye maelezo ya simu kama imefungwa kwa mtandao wa huko. Ikiwa imefungwa, utabaki na kamera nzuri sana.

Kungwi, unatuharibia biashara. Wateja wanabonyeza \*#06# kabla ya kusalimia, wanatuma namba kwenda 15090, wanageuza kioo juani. Mmoja alikaa saa nzima, akanunua kava.
*Muuzaji Halali, Mtaa wa Aggrey*

Salamu wawe wanatoa, hilo nitawasema. Mengine waache wafanye. Wanakumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilipozima simu feki nchini. Tarakimu 15 za IMEI zinazotokea wakibonyeza zinatakiwa zifanane na za kwenye boksi na risiti, na 15090 huwaambia namba hiyo ni ya simu gani. Haitawaambia habari za J, ndiyo maana wanakuuliza wewe.

Mwenye simu safi ndiye anayefaidi maswali. Andika kwenye tangazo: betri asilimia ngapi, kipuri gani kimebadilishwa, simu imetoka nchi gani, mteja ana siku ngapi za kurudisha. Risiti iwe na IMEI. Simu ukiisafirisha kwa basi, mteja alipe akishaiwasha, si wakati bado anaota. Na weka bei wazi, maana "bei njoo inboksi" imewachosha hata watu wenye pesa.

Yule wa kava muuzie na protekta. Aliyekaa saa nzima akikagua ana pesa, anatafuta wa kumpa.