Heko kwa Mkondo wa Kilifi

Wanaoendesha ubao wa tanga husifu upepo peke yake. Wakifika pwani ya Kenya wakati wa kusi, jambo la kwanza kuulizwa ni upepo: una nguvu gani, unatoka wapi, utashika mpaka saa ngapi. Mkondo wa maji hakuna anayeujulia hali. Makala haya yanakusudia kuondoa dhuluma hiyo, hasa kwa mkondo wa mlango wa Kilifi, ambao umemtendea mwandishi wake mengi, na hakuna hata moja aliloliomba.

Sifa yake kuu ni kushika wakati. Hapo Kilifi, kilomita 60 hivi kaskazini ya Mombasa, bahari imeingiza mkono wake bara kati ya majabali ya matumbawe, kisha nyuma ya daraja ikatanuka kuwa hori pana yenye mikoko kandokando. Maji yote hayo huingia na kutoka mara mbili kwa siku kwa mlango uleule mmoja, na hayajapata kukosa zamu. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi. Kesho yake yatachelewa kwa dakika 50 kwa makadirio, lakini hata huko kuchelewa kumetangazwa mapema. Tangu William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, abuni mashine ya kubashiri maji katika miaka ya 1870, ratiba ya mkondo huweza kupigwa hesabu miaka mingi mbele. Itafutwe ofisi nyingine yoyote ya umma ambayo mwananchi anaweza kujua leo itafungua mlango saa ngapi, Machi ya mwaka wa kesho kutwa.

Mkondo haujapata kwenda semina Naivasha. Haujaacha koti kwenye kiti ukatokomea. Hauambii watu kwamba mtandao umepotea, warudi Jumatatu, wala hauombi ya chai. Siku ya Idd uko kazini, Krismasi uko kazini, na siku ya uchaguzi, wakati nchi nzima imejifungia ndani kwa tahadhari, unatoa maji kwenda bahari kuu kwa dakika ileile iliyoandikwa.

Ratiba yenyewe ina ufundi ambao mgeni huugundua akiwa tayari majini. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa mnamo saa nne. Ndivyo Mombasa, ndivyo Kilifi, ndivyo Unguja, bamvua baada ya bamvua, na mtoto wa mvuvi hulijua hilo kabla hajajua kusoma. Sasa aje mgeni. Ameshiba chakula cha mchana, kusi imekaza, na saa kumi anashuka ufukoni kukuta maji yamejaa pomoni, ya samawati, yametulia kimya. Anaona amepata pepo yake. Katika saa ya kwanza ya kupwa hutoka sehemu moja tu kati ya kumi na mbili za maji. Ni hesabu ya makadirio ya wanamaji, lakini imewatosha kwa muda mrefu. Mgeni huenda na kurudi, akaridhika kwamba habari za mkondo ni porojo za wenyeji. Saa ya pili hutoka sehemu mbili. Ya tatu na ya nne hutoka tatu tatu, ndiyo nusu ya maji yote, na kwa kuwa bamvua la pwani hii huweza kupita mita tatu, nusu hiyo si haba. Saa hizo mbili ni kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku. Jua limezama, kusi imelegea, mgeni ameanza kuchoka mikono, na hapo ndipo mkondo unapofika kazini kwa nguvu zake zote. Hakuna mwajiriwa anayejua namna hii saa anayohitajika.

Sifa nyingine zinatosha kutajwa tu. Mkondo haubagui, kwani bingwa na mwanagenzi huwapeleka kwa mwendo mmoja. Hautozi nauli. Ni mnyenyekevu, hauonekani mpaka mtu atazame mashua zilizotia nanga zinaelekeza omo upande gani. Tena una ucheshi: upepo wa kusi ukikutana nao mlangoni, mmoja unaingia na mwingine unatoka, mawimbi husimama mafupi na makali, huku kando, chini ya jabali, tanga linakosa upepo kabisa. Mwenye tanga lililojaa huukata mkondo wa kilomita tano kwa saa bila shida. Tanga likilala, hakuna muogeleaji wa kawaida awezaye kushindana nao.

Wala Kilifi haiko peke yake. Kule San Francisco, maji ya ghuba nzima hupita kwenye mlango wa Golden Gate wenye upana wa kilomita 1.6 hivi, kwa kasi inayoweza kupita kilomita 8 kwa saa, na walioingilia ufuo wa Crissy Field hujikuta wanapita chini ya daraja la hapo bila kukusudia. Tofauti ni kwamba kule walinzi wa pwani wana kituo karibu na daraja lenyewe. Kilifi, kwa aliyoyaona mwandishi, anayekuja kumwokoa mgeni ni mvuvi, kwa chombo chake na petroli aliyoinunua mwenyewe, akiacha nyavu zake. Swali lake ni moja, nalo halina hata lawama: “Ndugu yangu, kwani hukujua leo ni mwezi ngapi?”

Mgeni hakujua, kwa sababu hakuambiwa. Duka lililomkodisha ubao lilimpa fomu ya kurasa mbili, na ndani yake alimsamehe mwenye duka kwa kuvunjika, kupotea na kufa. Hakukuwa na mstari hata mmoja wa kusema maji yanakupwa saa ngapi. Fomu inapigwa chapa, inatiwa sahihi, inawekwa kwenye faili. Ratiba ya maji, ambayo ni karatasi moja na gundi kidogo, haina nafasi ukutani. Ukuta umejaa picha za watu wanaoruka juu ya mawimbi. Huu si usahaulifu. Mteja akijua kwamba leo saa kumi na moja na nusu anapaswa kuwa amerudi nchi kavu, atalipia saa moja badala ya tatu.

Hata hivyo mkondo humpa kila mtu nafasi ya kujiokoa. Asishindane nao, aukate kwa ubavu kuelekea ufuo wowote ulio karibu, atue, kisha arudi kwa miguu. Ushauri huo ni sahihi kila mahali penye ufuo. Lakini kingo za Kilifi, kama sehemu nyingi za pwani ya Kenya, zimejengwa kuta. Kuna njia za wavuvi za kwendea diko zilizobanwa kati ya kiambaza na kiambaza mpaka kasia halipiti likiwa limelazwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa ni ardhi ya umma. Kwa hiyo mwenye kiwanja hujenga ukuta wake palepale maji yanapokomea, akawa hajavunja neno lolote la kifungu hicho. Maji yakijaa, ardhi ya umma yote iko chini ya bahari. Mwandishi aliwahi kutua mahali kama hapo, ubao mkononi, maji kiunoni.

“Kaka, hapa ni pa mtu,” askari alisema kutoka juu ya ngazi.

“Na hapa niliposimama?”

“Hapo ni maji.”

Askari hana kosa, analipwa kusema hivyo, na anayemlipa huenda yuko Nairobi au Ulaya, akija Desemba. Kati ya wote wanaohusika na ufuo huo, wanaotoa vibali, wanaopima viwanja, wanaohutubia kuhusu utalii, ni mkondo pekee unaorudishia umma ardhi yake, mara mbili kwa siku, bila kesi wala wakili. Kaunti ikitaka kuusaidia, ibandike tangazo fupi kwenye kila ukuta: ardhi ya umma leo itafunguliwa saa moja na nusu usiku, wananchi waje na tochi.